Kumsemea mzee kwa idhini yake: niliyojifunza katika nyumba ya wazee Unguja

Nyumba za wazee za hapa Zanzibar hazikosi wageni. Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani kule Wete kwa upande wa Pemba, zote hupokea watu wa kheri, hasa Ramadhani inapokaribia na siku za sikukuu, wakiwa na mchele, sukari, tende, sabuni na nguo. Sadaka hizo zina thamani kubwa, na wanaozitoa Mungu awalipe. Lakini mgeni wa sadaka huja na jambo lake, hulitimiza, hupiga picha na wenyeji wake, kisha huondoka kabla ya adhana ya magharibi. Na mzee aliyepewa kanga mpya mchana hubaki usiku na lile lile lililokuwa likimsumbua jana, ambalo hakuna aliyemuuliza. Kazi ninayotaka kuieleza hapa ni ya mtu anayekuja mikono mitupu, akauliza, akasikiliza, akaomba ruhusa ya kulisema alilolisikia, na akarudi tena na tena mpaka jawabu lipatikane.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya sekondari. Nilianza kuifikiria kazi hii kwa sababu ya mwanangu wa kike, ambaye anaishi Minnesota, Marekani, na anahudumia wazee katika makao ya huko. Katika mazungumzo yetu ya simu alinieleza kwamba ukutani, mahali ambapo kila mkaazi hupita, pamebandikwa namba ya simu ya mtetezi wa wakaazi, mtu ambaye haajiriwi na makao hayo, na ambaye mzee au jamaa yake anaweza kumwita anapoona haki yake inapuuzwa. Nikamtaka anieleze zaidi. Mpango huo ulianza kwa majaribio mwaka 1972, baada ya malalamiko mengi juu ya hali ya makao ya wazee nchini humo, na mwaka 1978 sheria ikalitaka kila jimbo liwe nao. Mwaka 1987 ikaja sheria nyingine iliyozitaja haki za wakaazi waziwazi, zikiwemo haki ya kushiriki katika kupanga matunzo yao, kuwa na faragha, kulalamika bila ya kulipiziwa kisasi, na kuunda baraza lao wenyewe. Wengi miongoni mwa watetezi hao ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo. Hawana uwezo wa kutoza faini wala wa kuyafunga makao, bali huuliza, hufuatilia na hukumbusha.

Lililonigusa zaidi katika maelezo ya mwanangu halikuwa sheria zenyewe, bali sharti moja wanalolishika watetezi wale: kwamba mtetezi husimamia anachokitaka mkaazi, hata kama jamaa zake wanataka kingine, hata kama uongozi unaona kingine, na hata kama mtetezi mwenyewe angependelea kingine, na kwamba siri ya mzee haitoki kinywani mwa mtetezi mpaka mzee airuhusu. Nilisomesha kwa miaka mingi, na mwalimu huzoea kuwaamulia wengine lililo jema kwao. Sharti hilo lilinitaka nijifunze adabu nyengine.

Sisi pia tuna misingi yetu. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha misingi 18 kuhusu wazee, na mmoja wao unasema kwamba mzee anayeishi katika makao ya matunzo hazipotezi haki zake kwa kuingia humo: utu wake, imani yake, faragha yake na uamuzi wake juu ya maisha yake vinapaswa kuheshimiwa. Zanzibar ina sheria yake ya mambo ya wazee tangu mwaka 2020. Lakini mzee asiyejua kusoma, au aliyejua akapofuka, hawezi kuidai haki ambayo hajaambiwa kuwa anayo, na hapo ndipo mtu wa kujitolea anapopata nafasi yake.

Tulikuwa wachache, wastaafu kwa wingi wetu, tulipoomba ruhusa kwa uongozi wa nyumba moja ya wazee hapa Unguja, ambayo sitaitaja kwa kuwa wakaazi wake wanastahiki sitara. Tuliandikiana masharti. Hatutoi dawa, hatushiki fedha za mtu, hatufungui majalada. Tutaingia siku yoyote, wakati wa mchana, bila ya kutoa taarifa mapema, tutazungumza na mkaazi peke yake ikiwa mwenyewe anataka, na hatutalipeleka neno lake popote bila ya idhini yake, isipokuwa tukiona hatari ya maisha au mtu anayepigwa, kwani hilo tulikubaliana litasemwa siku ile ile. Nawasihi wote wanaotaka kuanza kazi kama hii wayaandike masharti yao kabla ya kuingia, kwa sababu siku ya mgongano, nayo haikosi kuja, maneno ya mdomo kila mtu huyakumbuka kivyake.

Jambo la kwanza nililojifunza ni namna ya kuuliza. Ukimuuliza mzee wa kwetu hali yake, atakujibu, "Sina neno, alhamdulillahi," na atakujibu hivyo akiwa na njaa, akiwa na homa, na akiwa hakuoga tangu juzi. Amelelewa kushukuru na kusitiri, na hawezi kuacha malezi ya miaka themanini kwa sababu mgeni amekuja na daftari. Kwa hiyo niliacha kuuliza hali na nikaanza kuuliza mambo. Jana usiku uliamka mara ngapi? Nani alikushika mkono ulipokwenda chooni? Chai ilikuwa ya moto ilipokufikia? Maswali ya namna hiyo hayamlazimishi mzee kumlaumu mtu. Yeye anasimulia siku yake tu, na ndani ya masimulizi hayo lalamiko hujitokeza lenyewe. Nilijifunza pia kukaa chini, juu ya msala au kigoda, ili macho yangu yasiwe juu ya macho yake, na kujua sikio lipi linasikia vizuri zaidi. Baada ya alasiri, jua likipungua na wengi wakiwa wametoka barazani, maneno huja kwa urahisi kuliko asubuhi.

Mengine hayaulizwi, huonekana. Fimbo ikiegemezwa ukutani mahali ambapo mkono wa mwenyewe haufiki, mzee huyo hatoki kitandani mpaka mtu amkumbuke. Kikombe kikiwa kimejaa maji tangu asubuhi, basi ama kiko mbali naye au hawezi kukinyanyua. Mwanangu alinifundisha kwamba mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, na kwamba kidonda cha kulala huanza kwa wekundu mdogo kisiginoni, nyongani au juu ya makalio, mahali ambapo mfupa umekaribia ngozi. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona, na ni afadhali kugusa na kuhisi kama pana joto au ugumu. Mimi si muuguzi na sichunguzi mwili wa mtu, lakini naweza kumuomba mzee ruhusa ya kumwita muuguzi aangalie.

Sasa nieleze kisa cha bibi mmoja, mzaliwa wa kusini ya Unguja, ambaye ilisemekana ameacha kula. Daktari alimpima na hakuona maradhi ya kulieleza hilo. Nilipokaa naye sikumuuliza habari ya chakula. Nilimuuliza, "Bi mkubwa, zamani nyumbani kwako ukimaliza kula ulikuwa ukifanya nini?" Akanitazama kama aliyengoja swali hilo muda mrefu, akasema, "Nikimaliza kula nakula tambuu, mwanangu. Sasa nikimaliza kula nifanye nini?" Kijaluba chake cha uraibu, cha shaba, chenye vyumba vya popoo, chokaa na tumbaku, na kifuniko kilichopoteza nakshi kwa kushikwa, kilikuwa kimewekwa kabatini ofisini tangu alipohamia. Nilipopata idhini yake nikaenda kuuliza, na sababu nilizopewa zilikuwa za kweli: mate mekundu hayatoki katika shuka, shuka zinafuliwa kwa mkono, na kuna siku maji ya mfereji hayaji kabisa. Isitoshe, muuguzi alikuwa na hofu, nayo ni ya haki, kwa sababu kutafuna tambuu yenye popoo na tumbaku kunasababisha saratani ya kinywa.

Mimi mwenyewe siupendi uraibu, na mama yangu mzazi tulimuachisha. Lakini rai yangu haikuwa na nafasi pale. Nilimuomba muuguzi amueleze bibi hatari hiyo kwa lugha iliyo wazi, bila ya kumtisha, na mimi nikiwepo. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali yake, kisha akasema amefahamu, na kwamba amekula tambuu tangu alipoolewa na hataki kuiacha. Ndipo nilipomuuliza namna gani tutaliondoa tatizo la shuka, na jawabu lilitoka kwake mwenyewe: hatatafuna akiwa kitandani, atatandikiwa mkeka barazani baada ya chakula cha mchana na cha usiku, na atakuwa na kopo la kutemea lenye kifuniko ambalo atalimwaga mwenyewe maadamu miguu inamchukua. Msimamizi alikubali, na kijaluba kikarudi mikononi mwa mwenyewe siku ile. Chakula alikirudia taratibu. Hapo nilifahamu kwamba mzee mara nyingi tayari analo jawabu la shida yake, na kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza mbele ya yule mwenye ufunguo wa kabati.

Katika kisa hicho hapakuwa na mtu mwovu, na napenda kulisisitiza hilo. Walezi wa nyumba za wazee hufanya kazi nzito, wakiwa wachache kwa wazee wengi, na wengi wao wanawapenda wazee wao kwa dhati. Mtetezi anayeingia akiwa ameshawahukumu hatoambiwa kitu, wala na wao wala na wazee, kwa kuwa mzee anajua nani atakayebaki naye mgeni akishaondoka. Kwa hiyo lalamiko hulipeleka kwanza kwa mtu wa karibu zaidi mwenye uwezo wa kulitatua, na kwa faragha. Wazee walipolalamika kwamba wanaogeshwa maji ya baridi kabla ya alfajiri, mlezi wa zamu ya usiku alinieleza kwamba anatakiwa awe ameshamaliza kuwaogesha kabla ya kukabidhi zamu. Tulipouliza mmoja mmoja, tukakuta baadhi yao wanapenda kuoga mapema ili wasali wakiwa wasafi, na wengine wanataka kuoga jua likishatoka, baada ya chai na boflo. Ratiba ikagawanywa, na mzigo wa zamu ya usiku ukapungua pia.

Kisa kilichonifunza zaidi, hata hivyo, ni cha fedha. Pencheni Jamii ni malipo ya kila mwezi ambayo Serikali huwapa wazee. Ilianza hapa kwetu mwaka 2016, kwa kila mkaazi aliyefikia umri wa miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hakuwahi, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kwa mwanamke aliyelima mihogo na kusuka ukili maisha yake yote, hizo huwa ni fedha za kwanza kumfikia kwa jina lake mwenyewe. Bibi mmoja alinieleza, huku nikimpaka mafuta ya nazi kichwani, kwamba zake zinachukuliwa na mtoto wa dada yake kwa niaba yake, na kwamba hajaziona tangu alipohamia pale, wala hajamuona kijana mwenyewe. Nilihisi moyo unanienda mbio. Kabla sijafungua kinywa akaongeza, "Lakini usende kwa sheha. Yule nimemlea mimi."

Nilitamani sana kwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa. Nilikuwa na hoja zote, na nilijua kwamba kumchukulia mzee fedha zake ni miongoni mwa aina za udhalilishaji wa wazee zinazotajwa duniani kote. Hata hivyo bibi yule alikuwa na akili zake timamu na alikuwa amesema asilolitaka. Nikamueleza njia zilizopo, moja baada ya nyengine: kumjulisha sheha, kumjulisha ofisa wa ustawi wa jamii, kubadilisha mtu wa kumpokelea, kuzungumza na kijana mwenyewe, au kuliacha jambo kama lilivyo, na nikamwambia kwamba yoyote atakayoichagua, hata ya mwisho, nitaendelea kuja kumtazama. Hakuchagua kitu siku ile. Nilikuja tena, tukazungumza mambo mengine, nikaondoka. Alipolirudia mwenyewe alisema anataka kijana aitwe, asiitwe kama mwizi, bali aambiwe kwamba mama yake mkubwa anamuulizia na anataka kuwaona wajukuu.

Nilimpigia simu kwa maneno yale yale aliyonipa. Kijana alikuja, na watoto wawili wamevaa sare za skuli. Bibi aliniomba nibaki, nami nikabaki kimya. Hakumfokea. Alimuuliza habari za kazi, akaambiwa hakuna kazi tangu boti aliyokuwa akivulia iuzwe, akawatazama wale watoto, akawashika vichwa, kisha akasema, "Nusu niletee mwenyewe kila mwezi kwa mkono wako, na nusu wanunulie hawa madaftari." Mimi nisingeamua hivyo. Lakini fedha zilikuwa zake na jamaa alikuwa wake, na alichokipata, kwa masharti aliyoyaweka mwenyewe, kilikuwa ni pamoja na kutembelewa kila mwezi, jambo ambalo hakuna ofisi ambayo ingeweza kumwamrishia kijana yule.

Swali gumu zaidi huja pale ambapo kumbukumbu za mzee zimeondoka na hawezi tena kusema anachotaka leo. Hapo tunawauliza waliomjua zamani alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alichukia nini, na tunajaribu kusimamia lile ambalo angelitaka yeye. Hata wazee hao wana maneno yao: mzee anayekunja uso kila akivishwa shati la mikono mirefu ameshasema.

Wapo pia wazee waliovuka bahari wakiwa vijana, kutoka bara, kuja kuchuma karafuu au kubeba mizigo, na sasa hawana jamaa hapa visiwani. Mmoja wao, Mkristo, alikuwa halali usiku. Nilidhani ni maumivu ya viungo. Ilipofika zamu ya kuniamini aliniuliza nani atakayemzika, na kama atapata mtu wa kumuombea kwa dini yake, au atatiwa ardhini haraka na watu wema wasiomjua. Tukaandika: jina lake kama alivyobatizwa, kijiji alichozaliwa, kanisa analotaka lijulishwe, na koti ambalo anataka kuzikwa nalo. Nikamsomea mpaka akaridhika, akatia dole gumba, na msimamizi akaiweka karatasi ile katika jalada lake mbele ya macho yake. Uongozi ukaona faida yake, na sasa kila mkaazi huulizwa, kwa wakati wake na kwa upole, nini anataka kifanyike. Bibi mmoja alitaka alale karibu na mama yake shamba. Mzee mwengine alitaja deni la shilingi chache alilokuwa nalo kwa muuza samaki wa darajani kwao, na akataka lilipwe akiwa hai. Lililipwa wiki ile ile kutoka katika fedha zake.

Kinachotushughulisha hivi sasa ni usiku, kwa sababu masharti yetu yanaturuhusu kuingia mchana tu, na mengi tunayosimuliwa hutokea baada ya isha, mlezi akiwa mmoja na milango mingi. Baraza la wazee, ambalo hukutana chini ya mwembe na huendeshwa na wao wenyewe, limeomba mambo mawili: kengele ndogo ya mkono kando ya kila kitanda, na ruhusa ya watetezi kufika usiku. Kengele zimekubaliwa. Ruhusa ya usiku inangoja jawabu kutoka juu, na baraza limenituma nikaliulize. Wazee wawili watafuatana nami, kwa kuwa wamesema wanataka kulisikia jawabu hilo kwa masikio yao.